Kukutana na Kukutanishwa: Jiji la Berlin katika Historia ya Kiswahili

1. Utangulizi

Kitenzi kukuta, kikiingia katika kauli ya kutendana, huzaa kukutana. Na kukutana, kikitiwa viambishi vya usababishi na vya kutendwa, huzaa kukutanisha na kukutanishwa. Kisarufi tofauti hiyo ni ndogo, bali kihistoria ni kubwa. Wanaokutana ni watendaji sawasawa: kila mmoja amemkuta mwenziwe. Wanaokutanishwa wamekusanywa na mtu wa tatu, mahali alipopachagua yeye, kwa shabaha anayoijua yeye. Lugha yaweza kulitaja tukio la pili kwa jina la la kwanza, na ndivyo ilivyotokea mara nyingi katika historia ya Berlin.

Berlin ya leo husifiwa kuwa ukumbi wa ulimwengu. Mitaani husikika Kituruki, Kiarabu, Kivietinamu, Kipolandi na Kiswahili; tangu mwaka 1996 jiji hufanya tamasha la tamaduni za dunia kila msimu wa Pentekoste. Masimulizi yaliyozoeleka huanzia tarehe 9 Novemba 1989, usiku Ukuta ulipofunguliwa, kana kwamba jiji lililokuwa limefungwa lilijifungua ghafla na walimwengu wakaingia. Mhadhara huu unapendekeza mwanzo mwingine. Tangu miaka ya 1880 Berlin ilikuwa mahali ambapo watu wa mabara mbalimbali walikutanishwa, na wazungumzaji wa Kiswahili walikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Kilichobadilika katika miaka mia moja na arobaini si kuwapo kwa wageni, bali masharti ya kuwapo kwao: nani aliita, nani aliitwa, nani alisema, na jina la nani liliandikwa juu ya kilichosemwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mabadiliko ya masharti hayo hayakuletwa na ukarimu wa jiji peke yake. Yaliletwa kwa sehemu kubwa na wale waliopelekwa au kuitwa huko kwa kazi ya wengine, wakabaki, wakaandika, wakadai.

2. Mkutano usiokuwa na wenyewe

Kwa mwanafunzi wa historia wa Afrika Mashariki, jina la Berlin hutanguliwa karibu daima na neno mkutano. Mkutano wa Berlin ulianza tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa tarehe 26 Februari 1885, katika makao ya Kansela Otto von Bismarck kwenye barabara ya Wilhelmstraße. Dola 14 ziliwakilishwa, zikiwamo Marekani na dola ya Kituruki ya Uthmaniya. Hapakuwapo mjumbe hata mmoja wa Kiafrika, wala wa Sultani wa Zanzibar, ambaye maslahi yake ya pwani na bara yalikuwa yakiguswa waziwazi na mwelekeo wa mazungumzo.

Ni vyema kusahihisha dhana moja iliyoenea. Mkutano huo haukuketi kuchora mipaka ya Afrika yote kwa rula. Ajenda yake kubwa ilikuwa biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, pamoja na kanuni za kutwaa maeneo mapya ya pwani. Mipaka mingi ilichorwa baadaye kwa mikataba ya nchi mbilimbili, ukiwamo ule wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 na ule wa 1890. Lakini kwa Afrika Mashariki siku iliyofuata kufungwa kwa mkutano ina uzito kuliko mkutano wenyewe. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm wa Kwanza aliidhinisha hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, kwa kutegemea mikataba ambayo Peters alidai kuifunga mwishoni mwa 1884 katika Usagara, Ukami, Nguru na Uzigua. Hati iliyotiwa saini Berlin ilizigeuza nchi ambazo watawala wake hawakujua kuwa mjadala upo.

Jiji lililofanya hayo lilikuwa changa katika cheo chake. Berlin ilipata kuwa makao makuu ya dola la Ujerumani mwaka 1871 tu, na mwaka 1877 wakazi wake walivuka milioni moja. Lilikuwa jiji la viwanda, kambi za jeshi na reli, lenye shauku ya kulingana na London na Paris. Makoloni yalikuwa sehemu ya shauku hiyo. Mwaka 1886, mwaka mmoja baada ya hati ya Peters, kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, zilichapishwa Berlin kwa Kijerumani. Binti wa Sayyid Said wa Zanzibar alikuwa na kisa chake mwenyewe cha kusimulia, na bado serikali ya Bismarck ilikuwa imekwisha kumtumia: mnamo Agosti 1885 alisafirishwa hadi Zanzibar, na dai lake la urithi likawa turufu katika kumshinikiza kaka yake, Sultani Barghash. Ndivyo alivyokuwa mtu wa Afrika Mashariki Berlin katika hatua hii ya kwanza: sauti yake ilisikilizwa ilipofaa.

3. Chuo cha lugha na walimu wake

Dola lililojipatia makoloni lilihitaji ndimi za kuyatawala. Mwaka 1887 kilifunguliwa Chuo cha Lugha za Mashariki ndani ya Chuo Kikuu cha Berlin, chini ya Eduard Sachau. Kiswahili kilifundishwa huko tangu miaka ya mwanzo. Wanafunzi walikuwa maofisa, wanajeshi, wafanyabiashara na wamisionari waliojiandaa kwenda Afrika Mashariki. Mfumo ulikuwa wa watu wawili: profesa au mwalimu wa Kijerumani aliyefundisha sarufi, na msomi mwenye lugha aliyefundisha matamshi, mazungumzo na usomaji wa barua za hati za Kiarabu. Huyu wa pili alikuwa na cheo cha chini na mkataba wa muda.

Mpango huo uliwaleta Berlin wasomi wa pwani waliokuwa wamelelewa katika madrasa na mabaraza. Miongoni mwao alikuwa Amur bin Nasur, mtu wa Zanzibar, aliyefundisha mwanzoni mwa miaka ya 1890. Chini ya C. G. Büttner, mmisionari aliyegeuka mwalimu wa chuo, maandishi ya Kiswahili yalichapishwa katika hati zake za asili mwaka 1892 kwenye mfululizo wa vitabu vya kiada vya chuo hicho, na mwaka 1894 ukatoka mkusanyo wa fasihi ya Kiswahili uliobeba pia masimulizi ya Amur kuhusu maisha yake na kukaa kwake Ulaya. Hapa kuna jambo ambalo historia ya fasihi ya Kiswahili haijalipa uzito unaostahili. Nathari ya Kiswahili ya tawasifu na ya safari ilipata nafasi ya mapema ya kuchapwa katika jiji la Ulaya, na Ulaya yenyewe ikawa mada yake. Mswahili aliyeletwa ili asomwe kama kielelezo cha lugha alishika kalamu akawa mtazamaji.

Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni Dar es Salaam, aliendeleza kazi hiyo tangu 1896. Mwaka 1901 alitoa mkusanyo wa safari za Waswahili, ambamo Selim bin Abakari alisimulia safari yake ya Urusi na Siberia, aliyoifanya akifuatana na bwana wa Kijerumani. Msafiri wa pwani aliyezoea misafara ya bara anaieleza dunia ya theluji kwa istilahi za vituo, posho na desturi za wenyeji, zile zile ambazo wapelelezi wa Kizungu walizitumia kuieleza Afrika. Msomaji wa leo hana budi kujiuliza ni nani hapo aliyekuwa akimchunguza mwenziwe.

Hata hivyo darasa la chuo halikuwa mlango pekee wa kuingilia Berlin. Kuanzia Mei hadi Oktoba 1896, katika bustani ya Treptow, maonyesho makubwa ya viwanda yaliambatana na maonyesho ya kikoloni, ambamo watu zaidi ya 100 kutoka makoloni ya Kijerumani, wakiwamo wa Afrika Mashariki, waliwekwa katika vijiji vya bandia ili watazamwe na wenye tiketi. Mwaka ambao Velten alianza kufundisha Kiswahili chuoni ndio mwaka ambao wazungumzaji wake walionyeshwa bustanini. Mambo hayo mawili, elimu na maonyesho, yalilishwa kutoka chungu kimoja, na Mswahili wa Berlin alilazimika kuishi baina yake.

4. Jina juu ya jalada

Hakuna kisa kinachodhihirisha hali hiyo kuliko cha Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alikuwa msomi wa Bagamoyo na mrima wake, aliyewasili Berlin mwaka 1900 kufundisha katika Chuo cha Lugha za Mashariki. Mwaka 1903 kilitoka kitabu kinachojulikana na kila mtafiti wa utamaduni wa pwani, Desturi za Wasuaheli. Ndani yake mna kuzaliwa na jando, unyago na arusi, ngoma na pepo, utani na heshima, sheria za mirathi, biashara na watumwa, mpaka maziko na matanga. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilitoka kwa Mtoro. Jina lililotangulia lilikuwa la Velten, mkusanyaji.

Kwa viwango vya wakati ule Velten hakuwa mwizi; ukusanyaji ulikuwa taaluma, na mkusanyaji aliheshimiwa kama mtunzi. Hata hivyo matokeo yake yalidumu. Kwa miongo mingi kitabu kilitajwa kama chanzo cha Velten kuhusu Waswahili, badala ya kuwa maelezo ya Waswahili kuhusu wenyewe. Ni tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyochapishwa mwaka 1981, iliyolirudisha jina la Mtoro katika anwani ya kitabu. Miaka 78 ilipita.

Urudishaji huo hauondoi haja ya tahadhari. Mtoro aliandika Berlin, kwa wasomaji waliokuwa wakijiandaa kutawala, na chini ya mhariri aliyekuwa na maswali yake. Anaposema kwamba zamani desturi fulani ilikuwa hivi na sasa imekuwa vile, neno sasa lina Wajerumani ndani yake. Uchanganuzi wa makini unapaswa kumsoma kama mwandishi wa mjini, mwenye hadhira, mwenye la kusema na la kunyamaza, si kama kisima kitoacho maji safi ya mapokeo. Kumpa mtu jina lake kunaleta wajibu wa kumsoma kama mtu.

Maisha yake yanathibitisha gharama ya kukutanishwa. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Walipofunga safari ya kwenda Dar es Salaam mwaka 1905, mamlaka ya kikoloni yalimzuia kuteremka na mkewe. Ndoa iliyokubalika kisheria Berlin haikukubalika katika nchi aliyozaliwa mume, kwa kuwa kule ilionekana kutishia mstari wa rangi ambao juu yake utawala wote ulisimama. Wakarudi Ujerumani. Baadaye Mtoro alifanya kazi Hamburg, ambako mwanaisimu Carl Meinhof alikuwa amehamia mwaka 1909, kisha akarejea Berlin, ambako alijipatia riziki kwa kutoa mihadhara ya hadhara kuhusu Afrika. Alifariki huko mwaka 1927. Aliyeitwa kwa mkataba wa muda alizikwa kama mkazi.

5. Mwalimu mwingine, dola lingine

Vita Kuu ya Kwanza viliinyang'anya Ujerumani makoloni, na mwaka 1920 Berlin iliunganishwa na vitongoji vyake kuwa jiji la wakazi milioni 3.8. Katika miaka ya 1920 lilikuwa jiji la sinema, magazeti, siasa kali na wakimbizi wa Mapinduzi ya Urusi. Waafrika waliobaki walikuwa wachache, na uraia wao ulikuwa na utata: nchi walizotoka hazikuwa tena za Ujerumani.

Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari. Alipokuwa bado mtoto aliingizwa jeshini pamoja na baba yake katika vita vya 1914. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya utumishi huo, yake na ya babaye, ambayo haikulipwa. Dai lilikataliwa. Husen alibaki, akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akaoa, akapata watoto, akafundisha Kiswahili katika taasisi ile ile alimofundisha Mtoro, na akaigiza katika filamu nyingi, aghalabu katika nafasi za mtumishi. Ya mwisho ilitoka mwaka 1941 na ilimtukuza Carl Peters, mwenye hati ya 1885.

Utawala wa Wanazi ulihitaji Kiswahili chake kwa sababu uliota kuyarudisha makoloni, na ulihitaji sura yake kwa sababu sinema haiwezi kuonyesha Afrika bila Waafrika. Haukuhitaji uhai wake. Mwaka 1941 alikamatwa kwa tuhuma ya uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa bila ya kesi katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa jiji, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 jiwe dogo la ukumbusho, lenye bamba la shaba na jina lake, liliwekwa mbele ya nyumba aliyowahi kuishi katika barabara ya Brunnenstraße. Kwa mintarafu ya somo la Kiswahili, jiwe hilo lina maana ya pekee. Orodha za walimu wa vyuo vya Ulaya hukumbuka maprofesa. Husen alikuwa sehemu ya historia ya ufundishaji wa lugha hii, na mshahara wake wa mwisho ulikuwa huo.

6. Jiji lililogawanywa, ugeni uliogawanywa

Mwaka 1939 Berlin ilikuwa na watu milioni 4.3, hadi leo haijafikia tena idadi hiyo. Vita viliiacha kifusi, na washindi wakaigawa. Tarehe 13 Agosti 1961 ujenzi wa Ukuta ulianza, na pande mbili zikaanza kuita wageni kila moja kwa njia yake.

Magharibi ilikosa vibarua wa kutoka mashariki, na miezi michache tu baada ya Ukuta, mnamo Oktoba 1961, Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba wa wafanyakazi na Uturuki. Waliitwa wafanyakazi wageni. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe lilitolewa siku ya kwanza, na ugeni ukaendelea kwa vizazi. Waliotarajiwa kurudi kwao walileta wake na watoto, wakafungua maduka na misikiti katika Kreuzberg, kitongoji kilichobanwa na Ukuta na kwa hiyo chenye kodi nafuu. Mashariki nako waliletwa wafanyakazi wa mkataba kutoka Vietnam, Msumbiji na Angola, pamoja na wanafunzi wa nchi zilizokuwa zikijikomboa. Undugu wa kimataifa ulitangazwa kwa mabango, lakini wafanyakazi hao waliwekwa katika mabweni mbali na wenyeji.

Mpasuko huo ulifika hadi Dar es Salaam. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki. Baada ya Muungano, Serikali ya Tanzania iliruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki ubaki Dar es Salaam. Ujerumani Magharibi ilijibu mwaka 1965 kwa kuondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Julius Nyerere akakataa pia misaada mingine iliyofungamanishwa na sharti hilo. Nyumba za ghorofa za Kilimani na Michenzani mjini Zanzibar ni masazo ya enzi hiyo. Katika mawimbi ya redio Kiswahili kilitangazwa kutoka Ujerumani zote mbili, hadi redio ya kimataifa ya Mashariki ilipozimwa mwaka 1990. Kwa mara ya kwanza uhusiano ulikuwa na pande mbili za kuchagua, na nchi ya Afrika Mashariki ingeweza kusema hapana.

Ndani ya Berlin Magharibi kulitokea badiliko lisilo na mkataba. Mwaka 1984 mshairi Mmarekani Audre Lorde alifundisha katika Chuo Kikuu Huria, na wanawake weusi wa Kijerumani waliohudhuria madarasa yake walianza kujitafutia jina na historia yao. Mwaka 1986 May Ayim na wenzake walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba weusi wa Ujerumani walikuwa na vizazi kadhaa nyuma yao. Kutoka hapo swali la Waafrika wa Berlin liliacha kuwa swali la wageni.

7. Mifupa, mafuvu na majina ya barabara

Tarehe 20 Juni 1991 Bunge la Ujerumani lilipitisha kwa kura 338 dhidi ya 320 uamuzi wa kuhamishia makao makuu Berlin, na mwaka 1999 serikali ikahamia. Jiji lilijengwa upya kwa kasi. Katikati yake, mahali ambapo kasri la wafalme lilibomolewa mwaka 1950 na Jumba la Jamhuri la Mashariki likabomolewa baada ya hapo, uliinuliwa mfano wa kasri la kale, ambao tangu 2021 hupokea watazamaji na kuonyesha, pamoja na mengine, makusanyo ya Afrika. Ndipo mji mkuu mpya ulipokabiliwa na maghala yake.

Mfano mmoja ni Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ya elimu ya viumbe yalichimbua huko zaidi ya tani 200 za visukuku, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kuangamizwa na vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Mamia ya wenyeji walichimba na kubeba mizigo hadi pwani. Mjusi mkubwa aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 amekuwa fahari ya jiji. Boheti bin Amrani, msimamizi hodari wa machimbo hayo, hakuwa na fahari yoyote hadi mwaka 2007, jina lake lilipowekwa katika jina la kisayansi la mjusi mwingine wa Tendaguru, Australodocus bohetii. Linganisha na Mtoro: pale kitabu, hapa mfupa, pale miaka 78, hapa karibu karne.

Mfano mwingine ni mzito zaidi. Makumbusho ya Berlin yalirithi maelfu ya mafuvu ya binadamu, na utafiti uliokamilika mwaka 2023 ulishughulikia zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda na sehemu ya Tanzania. Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba uchunguzi wa vinasaba umeyaunganisha baadhi yake na jamaa walio hai Kilimanjaro. Wajukuu wa Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, walikuwa wakililia kichwa chake kwa miaka mingi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea, ambako wapiganaji wa Maji Maji walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, miaka 21 kamili baada ya hati ya Peters. Aliyeomba msamaha alifunga safari. Kwa mara hii Berlin ndiyo iliyokwenda.

Barabara nazo zilidaiwa. Katika eneo la Wedding upo mtaa wenye barabara zilizopewa majina ya Zanzibar, Tanga, Usambara na Uganda, zikiwa kumbukumbu ya dola lililopotea. Kwa miaka mingi vyama vya Waafrika na Wajerumani weusi viliandamana na kuandika barua kupinga majina ya wavamizi. Mwaka 2010 ukingo mmoja wa mto Spree ulipewa jina la May Ayim. Mwaka 2021, huko Neukölln, barabara ya Hermann von Wissmann, aliyeikandamiza vita ya Abushiri, iliitwa kwa jina la Lucy Lameck, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri mdogo katika serikali ya Nyerere. Mwaka 2024 barabara ya Peters iligawanywa, na sehemu yake moja ikaitwa Maji Maji. Neno lililokuwa siri ya waganga na wapiganaji wa kusini mwa Tanganyika sasa huandikwa katika anwani za barua za wakazi wa Berlin.

8. Hitimisho

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haimsifu mwenyeji. Inasema kwamba mwenyeji ndiye mwenye maradhi. Historia iliyoelezwa hapa yaipa Berlin tafsiri hiyo. Jiji halikuwa baraza la ulimwengu kwa kuwa lilijaa watu wa ulimwengu. Lilijaa watu hao mwaka 1896 pia, wakiwa nyuma ya ua la maonyesho. Limeanza kuwa baraza pale waliokutanishwa walipoweza kuuliza kwa nini wapo, nani aliyewaleta, na vitu vyao viko wapi. Kazi hiyo haijakwisha. Mafuvu yaliyotambuliwa yanangoja makaburi, na kubadili kibao cha barabara ni rahisi kuliko kufungua ghala.

Kwa wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili upo wajibu ulio karibu zaidi. Sehemu kubwa ya nathari ya Kiswahili ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ilihaririwa au kuchapwa Ujerumani, na mara nyingi hutajwa hadi sasa kwa majina ya wahariri wake. Kila tasnifu inayonukuu desturi za pwani kwa jina la Velten peke yake inaurudia mkutano wa Wilhelmstraße, ambamo habari za watu zilijadiliwa bila ya wao kuwapo. Kuwaandika Amur bin Nasur, Selim bin Abakari, Mtoro bin Mwinyi Bakari na Bayume Mohamed Husen mahali pao, kama waandishi na walimu, hakuhitaji ruhusa ya serikali wala fedha za makumbusho. Kunahitaji msomaji anayejua tofauti ya kukutana na kukutanishwa.